Nani kawaambia fomula inatumwa kama meseji ya kawaida?

Wakuu, hii tabia ya kuunganisha programu za hisabati kwa kurushiana maandishi matupu imetuchosha hapa Dodoma. Mzabuni anapewa kazi, analeta "mwongozo" wa kurasa mbili, ukiufungua unakuta: tumeni fomula kama stringi, yaani mfuatano wa herufi tu. Basi, kazi imekwisha na malipo yametoka!

Stringi gani? Ipe R, ile programu ya takwimu, log(100), inakurudishia 4.605 kwa sababu kwake log ni logi asilia. Ipe Excel hiyo hiyo, inasema 2, maana kwake log ni ya kizio cha 10. Andika -2^2: R inatanguliza kipeo na kutoa -4, Excel inatanguliza alama ya hasi na kutoa 4. Hakuna onyo popote, jibu bovu linapita hadi kwenye ripoti.

Na hili lilishapata dawa. OpenMath 2.0, kiwango cha kuandika hisabati ili programu zielewane, ipo tangu 2004. Humo kila alama inataja jina lake na kamusi inakotoka. Kwenye kamusi ya transc1, ln iko peke yake na log iko peke yake, na log lazima ipewe vitu viwili, kizio kwanza kisha namba. Anayepokea habahatishi.

Kwenye namba ndiko kuna balaa lenyewe. Mnatuma 9007199254740993 ndani ya JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), lugha ya JavaScript inaisoma 9007199254740992, maana namba zake za kawaida hazihifadhi kwa uhakika kila namba kamili inayozidi 2^53. Theluthi moja mnaituma 0.3333333333333333, halafu mnashangaa programu ya aljebra haifupishi! Tumeni kiasi na asili, kila kimoja kama mfuatano wa tarakimu.

Kingine, umeme ukikatika Mtumba jibu likiwa njiani, 4815162 inafika 4815, nayo ni namba halali kabisa. Mpokeaji atajuaje imekatwa? Ndiyo maana SCSCP, itifaki ya programu za hisabati kutumiana hesabu kwa OpenMath (mlango wa mtandao 26133), inaweka alama ya mwanzo na ya mwisho kwenye kila ujumbe, na kila ombi lina call_id, yaani kitambulisho chake, ambayo jibu lazima liirudishe. Kosa nalo lina ujumbe wake rasmi, siyo neno "error" linalopachikwa panapotakiwa jibu. Mteja anaweza hata kuweka ukomo wa muda na wa kumbukumbu, ili hesabu moja nzito isiiangushe seva nzima.

Wanaopokea kazi za wazabuni, kabla ya kusaini chochote pitisheni log(100), -2^2, 1/3 na ile namba ya tarakimu 16 kwenda na kurudi, kisha chomoeni waya katikati ya jibu. Likishindwa hata moja, msilipe.