Kikundi cha ukoo: magauni 600 ya Idi na yule mzee wa Zara

Mwanaisha: Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri kabla sijatuma hela. Muuzaji wa Guangzhou, Uchina, ananipa bei nzuri nikichukua magauni 600 ya Idi, muundo mmoja, rangi tatu. Elfu 18 kila moja mpaka Kariakoo, niuze 35. Nichukue?

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba mwanangu. Usitume kitu kwanza. Mia sita muundo mmoja ni kamari. Mfuatilie Amancio Ortega, mwenye Zara, yale maduka ya nguo ya Uhispania, uone alivyoikwepa kamari hiyo.

Kaka Idrisa: Yule ambaye hata picha yake ilikuwa haipatikani?

Ba'mdogo Hamisi: Huyo huyo. Duka la kwanza la Zara lilifunguliwa A Coruña, Uhispania, mwaka 1975. Picha yake rasmi ikatoka 1999, kwa sababu kampuni ilikuwa inajiandaa kuingia soko la hisa 2001. Mahojiano hataki. Makao makuu yako Arteixo, na hata alipokuwa mwenyekiti alikuwa anakaa meza moja na wabunifu wa nguo za kike, si ofisi ya peke yake.

Shangazi Rukia: Huo ukimya watu wanausifia kama unyenyekevu tu. Mimi naona ni biashara. Bosi asiyejulikana sura anaingia dukani anaangalia kama mteja yeyote, hakuna anayemwandalia maonyesho. Na matangazo karibu hawaweki. Hela ya matangazo inakwenda kwenye kodi ya duka lililo mtaa wenye watu.

Mwanaisha: Sawa shangazi, ila mimi sina shida ya kujulikana 😄 Shida yangu ni mzigo.

Ba'mdogo Hamisi: Ndiko tunakoelekea. Zara hawabahatishi msimu mzima. Wanatoa kiasi kidogo, wanatazama kinachotoka, halafu ndiyo wanaongeza. Nguo mpya inaweza kutoka kwenye mchoro ikafika dukani wiki mbili au tatu. Maduka yanaagiza mara mbili kwa wiki, kwa siku na saa maalumu. Ukichelewa, unasubiri zamu ijayo. Mzigo unafika ndani ya saa 48, nguo zina lebo ya bei, nyingi zimeshapigwa pasi na kutundikwa. Wewe mzigo wako mwezi na zaidi uko baharini, bado bandari. Gauni likikubalika huna la kuongeza, likikataliwa unayo 600.

Kaka Idrisa: Ngoja niweke hesabu. 600 × 18,000 = 10,800,000. Ukiuza kwa 35,000 lazima ufikishe gauni la 309 ndipo mtaji urudi, hapo kodi na msaidizi hujawalipa. Tuseme 300 zinatoka bei kamili, 150 unazivua bei mpaka 12,000 baada ya Idi, 150 zinadoda. Umekusanya 12,300,000. Faida 1,500,000, na stoo imejaa.

Sasa shona hapa hapa, 360 tu, hata zikikugharimu 22,000. Mtaji 7,920,000. Ziuze 320 bei kamili, 40 kwa 20,000: unapata 12,000,000. Faida 4,080,000. Gauni moja limekuwa ghali zaidi, mfuko umepona.

Mwaka 2004 zilichapishwa hesabu kwamba Zara inakusanya wastani wa asilimia 85 ya bei kamili, wenzake asilimia 60 hadi 70. Gharama ya kusafirisha nguo kwa ndege na ya kushona karibu na nyumbani inarudi hapo.

Mwanaisha: Kumbe nilikuwa naangalia bei ya kununulia tu.

Shangazi Rukia: Wengi. Sasa upande wa mafundi, sikiliza vizuri. Zara walijenga kazi hivi: kukata kunafanyika kwenye viwanda vyao kwa mashine, kushona kunapelekwa kwenye karakana ndogo za Galicia, jimbo lao la Uhispania, na kaskazini mwa Ureno. Vitambaa vingi wananunua havijatiwa rangi, rangi wanaamua mwishoni wakishajua watu wanataka nini. Fulana za kawaida zisizobadilika, hizo ndizo wanaagiza mbali kwa bei rahisi.

Wewe kutia rangi huwezi, lakini kuchelewesha uamuzi unaweza. Nunua kitambaa kisicho na maua, rangi mbili tatu. Kata mwili wa gauni, mikono na shingo acha. Wiki ya kwanza ikikuonyesha watu wanataka mikono mipana, unamalizia hivyo.

Shangazi Rukia: Na usijaze mafundi kazi mpaka pomoni. Zara wanaacha mashine na nafasi bila kazi makusudi, maana foleni ikijaa, oda ya haraka haina pa kupita. Hapa wiki mbili kabla ya Idi kila fundi ana rundo. Kwa hiyo lipia siku za fundi mapema, mathalani wawili kwa siku kumi, usilipie idadi ya magauni. Siku ni zako, utaamua ashone nini.

Mwanaisha: Nianze na ngapi?

Ba'mdogo Hamisi: 120. Miundo 6, kila mmoja vipande 20. Saizi: S 3, M 6, L 6, XL 4, XXL 1. Rekebisha kwa wateja wako, kama wengi ni kina mama ongeza XL punguza S. Siku ya nne hesabu. Muundo uliouza 12 na zaidi, shona tena 40. Uliouza chini ya 5, usiuguse tena hata kama wewe unaupenda.

Na M na L zikiisha, zilizobaki za muundo huo ziondoe mbele. Zara wanafanya hivyo: saizi za katikati zikikosekana nguo inatolewa ukumbini. Mteja akipenda kitu akakosa saizi yake anatoka na hasira, na zile S mbili zinakula nafasi ya gauni linalouzika.

Bibi: Na asikopeshe.

Kaka Idrisa: 😂 Bibi kamaliza. Lakini ni kweli. Zara wanapokea taslimu kaunta, wenye vitambaa wanalipwa wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo fedha ya mteja ndiyo inayozungusha mzigo. Mali kauli, yaani kuchukua kitambaa sasa ukalipa baadaye, ni nzuri kwa mtindo huo huo, mradi kitambaa kiwe kinatoka. Kikidoda, siku ya deni haisogei.

Ba'mdogo Hamisi: Na mzee mwenyewe anajua ladha ya kukosa. Amesimulia kwamba akiwa mdogo alimsikia muuza duka akimwambia mama yake hawezi kumkopesha tena. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Akaacha shule, akaenda kuwa kijana wa kupeleka mizigo kwenye duka la mashati.

Mwanaisha: Basi Guangzhou naachana nayo?

Shangazi Rukia: Usiachane. Chukua huko mitandio ya rangi moja na magauni ya ndani, vitu vinavyouzika mwaka mzima. Vya Idi shona hapa. Kitambaa njoo nikuonyeshe Alhamisi, ila ukipime kabla ya kulipa, na ukifue kipande kwanza. Kinachonywea kitakuharibia saizi zote.

Mwanaisha: Alhamisi saa nne niko kwako shangazi.

Shangazi Rukia: Saa tatu. Saa nne jua kali.