Tromsø hadi Longyearbyen: kilomita ngapi, muda gani?

Wakuu, kwenye ramani ya simu safari hii ya ndege, kutoka Tromsø kaskazini mwa Norway hadi Longyearbyen kwenye visiwa vya Svalbard, inaonekana ndefu ajabu. Umbali halisi ni upi?

— Ni kama kilomita 960 tu. Ramani bapa inakudanganya: kwenye latitudo ya 74, katikati ya njia hii, huvuta umbali karibu mara 3.6. Kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa ni dakika 72. Ongeza kupaa, kushuka na mwendo wa ardhini, panga saa 1 na dakika 40.

— Mkuu, usisahau pasipoti. Svalbard ni ya Norway lakini iko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja utakwama wakati wa kurudi. Omba ya mara nyingi!

— Saa hubadilishi, kote ni saa za Oslo.