Naomba ushauri: magimbi yangu ya kwenye vyungu yatavukaje majira ya baridi?

Mama Nuru, Minneapolis

Ndugu zangu, salamu. Ninaishi Minneapolis, Marekani, na kwenye kibaraza cha nyuma nina vyungu vinne vya mimea ambayo wenyeji wa huku huiita masikio ya tembo kwa ukubwa wa majani yake. Vitatu kati ya hivyo ni magimbi yale yale tunayochemsha na kunywea chai, ambayo niliyanunua kwenye duka la Waasia nikayapanda badala ya kuyapika. Cha nne ni mmea wa mapambo nilioachiwa na jirani aliyehama; majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na ncha zake zinatazama juu.

Mwaka jana nilikuwa na gimbi moja tu, nalo nikaliua. Jalidi ya kwanza ilipoanguka mwanzoni mwa Oktoba nilikibeba chungu kama kilivyo hadi chumba cha chini ya nyumba, nikawa nakimwagilia maji kila Jumamosi kwa huruma. Ilipofika Januari, majani yote yakiwa yamelala, nilifukua nikalibonyeza gimbi kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama kwenye parachichi bovu. Harufu yake ilinilazimu kufungua dirisha, ilhali nje kulikuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri.

Chumba hicho cha chini hakina dirisha, na joto lake huwa nyuzi 12 hivi wakati wa baridi. Sebuleni nina dirisha moja kubwa linaloelekea kusini. Nina pia mtoto wa miaka miwili anayeonja kila kitu. Naomba mnielekeze kabla jalidi haijarudi.

Mkulima wa Ughaibuni, Toronto

Pole, dada. Gimbi lako halikufa kwa baridi, kwa maana nyuzi 12 ni pazuri kabisa pa kulihifadhi. Lilikufa kwa maji. Mmea uliokwisha kulala haunywi, na maji unayoumwagilia hubaki kwenye udongo yakiozesha kiazi polepole huku wewe ukidhani unautunza.

Kabla ya jambo lolote, itenganishe hiyo mimea, kwa sababu haitunzwi kwa namna moja. Magimbi, ambayo wataalamu huyaita Colocasia, majani yake huning'inia ncha ikielekea chini, na yana kiazi kinachostahimili kulala miezi kadhaa gizani. Huo wa jirani yako, kwa maelezo uliyotoa, bila shaka ni Alocasia, nao afadhali usiulaze. Uweke sebuleni uendelee kuishi kama mmea wa ndani.

Magimbi yaache nje hadi jalidi nyepesi iyababue majani, lakini usingoje udongo wa chunguni ugande, kwani kiazi kikiganda hakina dawa. Kata majani ukibakiza shina la urefu wa vidole vinne, kisha uviingize vyungu ndani na usivimwagilie tena.

Mzee wa Nduma, Stuttgart

Nakubaliana na ndugu wa Toronto isipokuwa kwenye kuyaacha chunguni. Sisi Wakenya tunayaita nduma, na kwa miaka sita sasa mimi huyang'oa yote, kwa sababu udongo wa chungu kikubwa hukawia mno kukauka na huwezi kujua kinachoendelea ndani yake. Ninapukuta udongo kwa mkono bila kuosha, ninayatandaza juu ya magazeti penye hewa kwa muda wa wiki moja, na lolote lenye jeraha ninalikata hadi kufikia nyama nyeupe na kuliacha kidonda kikauke. Baada ya hapo ninayafukia ndani ya boksi lenye maranda makavu, yale yanayouzwa kwa ajili ya sungura wa kufugwa, nikihakikisha hayagusani. Mfuko wa plastiki usiuguse kabisa, maana hutoa jasho.

Kila mwanzo wa mwezi ninayabonyeza moja moja. Linalolegea ninalitupa kabla halijaambukiza mengine, na lililoanza kusinyaa ninalinyunyizia maji kidogo sana, matone tu.

Bi Shamba, Oslo

Naomba nizungumzie huo wa sebuleni, kwa kuwa ndio utakaokusumbua. Hita hukausha hewa ya ndani, na hewa kavu huleta utitiri, wadudu wadogo mno wanaojificha upande wa chini wa jani. Ukiona vidoa vya njano na utando mwembamba kama wa buibui, ujue wamefika. Pangusa majani kwa kitambaa kibichi kila wiki, pande zote mbili, hata kabla hujawaona. Uweke karibu na dirisha, lakini majani yasiguse kioo usiku, na umwagilie pale tu udongo wa juu unapokuwa mkavu. Usishtuke ukiangusha jani moja kila linapochipua jingine. Mwanga wa Desemba hautoshi kulisha majani mengi.

Kuhusu mtoto, tafadhali weka chungu mahali asipofika. Utomvu na majani ya mimea hii yote miwili yana fuwele ndogo kama sindano, ambazo huwasha na kuvimbisha mdomo na koo. Wewe mwenyewe vaa glavu wakati wa kukata.

Mama Nuru, Minneapolis

Nawashukuru sana. Nimeamua kuyang'oa mawili na kuliacha moja chunguni, nione lipi litakalofaa katika nyumba yangu. Yamebaki maswali mawili: niyaamshe lini, na je, vile vitoto vinavyoota pembeni mwa gimbi mama ninaweza kuvila?

Mkulima wa Ughaibuni, Toronto

Yapande tena ndani mwishoni mwa Machi, kwenye udongo wenye unyevu kidogo na mahali penye joto la nyuzi 20 au zaidi, na usiongeze maji mengi hadi uone ncha ya kijani. Yatoe nje mwishoni mwa Mei, usiku ukiwa haushuki chini ya nyuzi 10, na wiki ya kwanza yakae kivulini, la sivyo jua litayaunguza.

Mzee wa Nduma, Stuttgart

Vitoto vya yale uliyonunua kwa ajili ya kula vinalika, mradi uvichemshe hadi viive kabisa na uwe hukutumia dawa ya wadudu chunguni. Ule wa jirani usiupeleke jikoni. Ila ningekuwa wewe, mwaka huu nisingekula hata kimoja: vitoto vigumu vyenye ukubwa wa yai huvumilia baridi vizuri, na gimbi mama likioza, hivyo ndivyo mbegu yako ya Machi.