Naomba ushauri: "llegar" ni kufika, "a pleca" ni kuondoka, na mzizi ni mmoja

MpendaLugha:
Wanajukwaa, salaam. Kihispania ninakimudu, na sasa ninajifunza Kiromania kwa kuwa ninatarajia kwenda kusoma Bucharest. Nimekuta kwamba "llegar" ya Kihispania, yaani kufika, na "a pleca" ya Kiromania, yaani kuondoka, zote zimetokana na kitenzi cha Kilatini "plicare", ambacho maana yake ni kukunja. Imewezekanaje mzizi mmoja ukazaa maana zinazopingana hivyo, nami nifanyeje nisizichanganye?

Nahodha:
Ndugu, maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mabaharia walikunja matanga chombo kilipofika bandarini, ilhali askari wa Roma walikunja mahema walipohama kambi. Dakia, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Romania ya leo, ilitekwa na Kaisari Trajan mwaka 106, na majeshi yakapiga kambi huko. Hata sisi husema mtu amefunga virago tukimaanisha ameondoka. Basi hilo likukumbushe "a pleca".

Bint Mwalimu:
Kisa cha mahema kinasaidia kumbukumbu, ila mimi nakihesabu kuwa dhana tu. Upande wa kufika ndio wenye ushahidi wa maandishi: Egeria, mwanamke Mkristo aliyezuru Sinai na Yerusalemu katika karne ya 4, anatumia "plicare" kwa maana ya kusogea karibu na mahali, na Warumi walikwisha kuwa na "applicare" kwa kukileta chombo ufukoni.

Kutofanana kwa sura kusikutie shaka, kwa sababu "pl" ya mwanzo wa neno la Kilatini mara nyingi iligeuka "ll" katika Kihispania na "ch" katika Kireno, ndiyo maana "pluvia", yaani mvua, ikawa "lluvia" na "chuva", na Mreno akifika husema "chegar". Kiromania kiliiacha "pl" ilivyo: mvua kwao ni "ploaie". Kifaransa kina "plier" na Kiitaliano "piegare", zote zikiwa bado na maana ya kukunja.

MpendaLugha:
Nimeelewa, ahsanteni. Na Waromania wenyewe wakitaka kusema kufika?

Bint Mwalimu:
Husema "a ajunge" au "a sosi". Jifunze vitenzi hivyo pamoja na "a pleca", kwani kwenye vituo vya treni utakuta "Sosiri" kwa treni zinazoingia na "Plecări" kwa zinazotoka, na aliyezoea "Llegadas" za Hispania anaweza kwenda kumpokea mgeni upande usio wake.