Madaktari wa Cuba, ajira za mkataba au wahamasishaji wa vijijini: kipi kimeziba pengo?

Mkaazi_Ganze: Tulinganisheni. Serikali ya Kenya ilileta madaktari 100 wa Cuba 2018, ikaajiri wahudumu wa UHC (mpango wa afya kwa wote) kwa mkataba 2020, kisha 2023 ikazindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000. Zahanati yetu bado ina muuguzi mmoja. Ndiye anayezalisha, anayepima watoto, anayegawa dawa. Akiitwa semina, mlango unafungwa. Kati ya hizo, ipi ingemfaa?

Tabibu_Bara: Ya Cuba ilinikera. Madaktari wetu walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, na wengine wamehitimu hawana kazi. Wawili wa Cuba wakatekwa Mandera Aprili 2019, na 2023 mpango ukasitishwa. Tazama Tanzania 2017: madaktari 500 waliokusudiwa kuja kwetu walipokwamishwa na kesi mahakamani, Magufuli aliwaajiri hukohuko 258 waliokuwa wameomba.

MamaNeema: Tabibu, tuwe waadilifu. Mgonjwa wa kaunti ya mbali kumpata daktari bingwa wa Cuba karibu, badala ya kupanda basi hadi Nairobi, si jambo dogo.

Zamu_ya_Usiku: Mimi ni wa UHC. Wodi moja na wenzangu wa kudumu, zamu zilezile, mshahara mdogo, cheo hakipandi. 2025 wenzetu walikesha nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Wengine macho yako Uingereza, maana tangu 2021 kuna makubaliano ya kupeleka wauguzi huko. Ukimweka mtu kwenye mkataba miaka yote hiyo, ataondoka tu.

Mkoba_Mgongoni: Nami ni mhamasishaji. Mkobani nina mashine ya presha na kipimo cha sukari. Posho ni 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti, na hii ya kaunti huchelewa mno. Kazi naipenda, kwa sababu presha naigundua mtu angali anatembea. Lakini juzi nimempima mama mmoja, presha namba ya juu 190, nikamwandikia rufaa. Kafika zahanati, kufuli.

Tabibu_Bara: Hapo ndipo penyewe. Wahamasishaji wanaongeza wagonjwa wanaofika, wa kuwapokea hajaongezwa.

Mkaazi_Ganze: Basi kwangu muuguzi wa pili, wa kudumu, ndiye wa kwanza. Kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti kikiitishwa, nitalisema hilo. @Mkoba_Mgongoni, yule mama alipata dawa?

Mkoba_Mgongoni: Alipata, kesho yake. Presha imeshuka, ila bado nampitia.