Nani watapanda jukwaani Boston? Naomba hoja kabla hatujafunga ubashiri wetu

Mtazamaji wa Kisumu

Wanajukwaa, hamjambo? Mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye barafu kwa mitindo yataanza mjini Boston tarehe 25 Machi 2025 na kumalizika tarehe 30. Sisi marafiki wachache tunaoyafuatilia kila mwaka hapa Kisumu tuna desturi ya kuandika ubashiri kabla ya programu fupi ya kwanza (kila mchezaji huteleza mara mbili, programu fupi kisha ndefu, na alama hujumlishwa): kila mmoja anataja wanawake watatu na wanaume watatu kwa mpangilio wa medali, na aliyekosea kuliko wenzake huwanunulia wote samaki pale Dunga. Bei ya samaki mnaijua, kwa hiyo naomba msaada.

Njia yangu ni nyepesi. Nachukua alama bora ya kila mchezaji msimu huu kisha nawapanga. Kwa upande wa wanawake, wa kwanza anakuja Kaori Sakamoto wa Japani, aliyepata 231.88 jijini Tokyo mwezi Novemba; anafuatwa na Chaeyeon Kim wa Korea Kusini, aliyepata 222.38 katika mashindano ya Mabara Manne, yaani ya nchi zisizo za Ulaya, jijini Seoul mwezi Februari; kisha Amber Glenn wa Marekani. Kwa wanaume nimemweka Ilia Malinin wa Marekani mbele, Yuma Kagiyama wa Japani nyuma yake, na nafasi ya tatu nimekwama kati ya Adam Siao Him Fa wa Ufaransa na Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan.

Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba kubashiri kwa alama bora ya msimu ni kujidanganya, ila nikimwuliza atumie nini badala yake, ananyamaza. Je, yuko sahihi? Na kama ni sahihi, mtu atazame nini?

Mkufunzi wa Magurudumu, Nakuru

Ndugu yangu, rafiki yako yuko sahihi, na ushahidi uko kwenye orodha yako mwenyewe. Sakamoto aliyepata 231.88 Tokyo ndiye huyo huyo aliyepata 201.13 mwezi uliofuata katika fainali ya Grand Prix, ule mfululizo wa mashindano ya msimu, mjini Grenoble, akawa wa tatu nyuma ya Glenn na Mone Chiba wa Japani. Mtu mmoja, programu zile zile, tofauti ya alama 30. Alama bora ya msimu ni kumbukumbu ya siku ambayo kila kitu kilimnyookea. Haikwambii siku kama hiyo humjia mara ngapi.

Mimi huwafundisha watoto kuteleza kwa viatu vya magurudumu hapa Nakuru, na barafu nimeikanyaga ule uwanja wa hoteli ya Panari jijini Nairobi tu, lakini karatasi za alama nazisoma kwa sababu shirikisho la kimataifa huzitoa wazi baada ya kila shindano. Humo ndimo ubashiri unapopatikana. Kila mruko una thamani ya msingi. Juu ya thamani hiyo majaji tisa hutoa alama ya ubora, kuanzia kupunguza tano hadi kuongeza tano. Ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, zinazobaki hutafutiwa wastani, na kila daraja moja ni asilimia 10 ya thamani ya msingi.

Tuchukue Axel ya Glenn, maana huo ndio mruko utakaoamua medali yake. Axel ndiyo pekee ambayo mtu huruka akiwa anatazama anakokwenda, kwa hiyo ile inayohesabiwa kuwa ya mizunguko mitatu kwa kweli ni mitatu na nusu. Thamani yake ni 8.00, ilhali Axel ya mizunguko miwili, ambayo ndiyo wanayofanya wapinzani wake wengi, ni 3.30. Glenn akitua vizuri na kuongezewa daraja tatu, anaondoka na 10.40. Mpinzani akitua vizuri vivyo hivyo kwa ile ya miwili, anapata 4.29. Sasa tuseme Glenn ameanguka, lakini baada ya kukamilisha mizunguko yote: anakatwa 4.00 za ubora na 1.00 ya kuanguka, anabaki na 3.00. Kwa hiyo akifaulu anamwacha mwenzake kwa alama 6.11, na akianguka anapitwa kwa 1.29 tu. Watu hupiga kelele sebuleni wakiona mchezaji ameanguka, wakati hesabu haijaharibika kiasi hicho.

Kinachoharibu ni mambo mawili yasiyopigiwa kelele. La kwanza ni kufungua mwili mapema angani na kuzunguka mara moja badala ya tatu, kwa sababu katika programu fupi Axel ya mzunguko mmoja haipati kitu kabisa. La pili ni jopo la ufundi, ambalo hurudia video polepole: mruko uliopungukiwa na zaidi ya robo ya mzunguko hukatwa thamani hadi asilimia 80, na uliopungukiwa na nusu au zaidi huhesabiwa kama mruko wa daraja la chini. Mchezaji anaweza kutua akitabasamu, ukumbi ukasimama kumshangilia, na karatasi ikaja na alama za kupunguza kila mahali.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fungua karatasi za mashindano matatu au manne ya mwisho ya kila unayemfikiria, uangalie miruko mitatu ya mwisho ya programu ndefu. Hiyo hupewa nyongeza ya asilimia 10 kwa sababu miguu imeshachoka, na hapo ndipo utakapomjua mwenye pumzi na asiyekuwa nayo. Usitumie alama za mashindano ya kitaifa. Majaji wa nyumbani wana mkono mwepesi, na ndiyo maana shirikisho halizihesabu.

Mwalimu wa Kwaya, Kakamega

Nakubaliana na Mkufunzi kuhusu miruko, ila naona amesahau nusu nyingine ya karatasi, na Sakamoto huishi katika nusu hiyo.

Nimezipeleka kwaya za shule kwenye tamasha la muziki kwa muda mrefu, na wanaonijua wanafahamu jinsi nilivyo mkali kwa waamuzi. Pale kwetu, kwaya inaweza kuimba noti zote bila kukosea na bado ikapitwa na ile iliyouelewa wimbo. Barafuni ni hivyo hivyo: mbali na miruko na mizunguko ya mahali pamoja, majaji hutoa alama za mpangilio wa programu, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Mtazameni Sakamoto anapovuka uwanja kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Husukuma mara chache, mwendo hauzimiki, na anaingia kwenye Axel ya mizunguko miwili kwa kasi ambayo wengine wangeiogopa, kisha anatoka akiwa na kasi ile ile. Hana Axel ya mizunguko mitatu wala mruko wa minne, na bado ameshinda ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya tangu Peggy Fleming wa Marekani alipotwaa ule wa 1966, 1967 na 1968. Anayemwondoa kwenye tatu bora anajitafutia deni la samaki.

Hata hivyo, simpi dhahabu kwa urahisi. Kim alimpita katika Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi huko Harbin mwezi uliopita, na alimpita baada ya Sakamoto kuongoza programu fupi. Hilo linanileta kwenye onyo langu la pili: msibadilishe ubashiri baada ya programu fupi kwa sababu tu mtu anaongoza. Mwaka jana mjini Montreal, Shoma Uno aliongoza wanaume na Loena Hendrickx aliongoza wanawake. Wote wawili walimaliza wa nne. Sakamoto aliyekuwa wa nne akatwaa dhahabu. Na Siao Him Fa alikuwa wa 19 kati ya 24 wanaoruhusiwa kuendelea, akapanda hadi shaba, tena akiwa amekatwa alama mbili kwa kupiga sarakasi ya nyuma iliyokuwa bado imepigwa marufuku wakati huo.

Jina moja ambalo halijatajwa: Alysa Liu. Alistaafu mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 16, mara tu baada ya kupata shaba ya dunia, akarejea msimu huu. Matokeo yake ya Grand Prix ni ya kawaida, lakini alikuwa wa pili nyuma ya Glenn katika ubingwa wa Marekani, na anateleza kama mtu ambaye hana anachodaiwa na yeyote. Simweki kwenye tatu bora. Namtaja tu ili asije akasema mtu kwamba hakuonywa.

Msomaji wa Bungoma

Wazee wangu, hesabu zenu ni nzuri, ila mnazungumza kana kwamba mashindano haya yanafanyika katika mji wowote. Tarehe 29 Januari ndege iliyokuwa ikitoka Wichita iligongana na helikopta karibu na uwanja wa ndege wa Washington, na kati ya watu 67 waliofariki, 28 walikuwa wa familia ya mchezo huu: wachezaji chipukizi, wazazi na makocha. Klabu ya kuteleza ya Boston ilipoteza watu sita, wakiwemo Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, waliokuwa mabingwa wa dunia wa jozi mwaka 1994. Wachezaji wa Marekani watatelezea mbele ya watu waliofiwa. Je, jambo hilo litamnyanyua Glenn au litamlemea? Mwaka jana mjini Montreal alimaliza wa kumi, bila uzito wa namna hii mabegani.

Kwa sababu hiyo nyuma ya Sakamoto namweka Kim, kisha Chiba.

Na mbona hakuna anayezungumzia jozi na dansi, wanakoteleza wawili wawili?

Mtazamaji wa Kisumu

Dada wa Bungoma, jozi na dansi hazimo kwenye ubashiri wetu, ila kwa heshima yako: katika dansi nawapa Madison Chock na Evan Bates wa Marekani ubingwa wa tatu mfululizo, na katika jozi nawaona Riku Miura na Ryuichi Kihara wa Japani wakisumbuana na Minerva Hase na Nikita Volodin wa Ujerumani, waliochukua fainali ya Grand Prix. Deanna Stellato-Dudek wa Kanada, aliyekuwa bingwa mwaka jana akiwa na umri wa miaka 40, ningependa nimwone tena juu, lakini mapenzi si ubashiri.

Jana usiku nilifanya alivyosema Mkufunzi. Nilifungua karatasi za Malinin na sikuamini macho yangu. Grenoble alipanga miruko saba ya mizunguko minne katika programu moja, ya aina zote sita, ikiwemo Axel ambayo ni yeye peke yake duniani aliyewahi kuitua mashindanoni. Jopo lilimkata kwa miruko kadhaa isiyokamilika, na bado alishinda. Thamani ya msingi ya programu yake ni kubwa kiasi kwamba wenzake wanahitaji siku safi ili kuifikia siku yake mbaya. Huyo simgusi. Kagiyama nambakiza wa pili ingawa Cha Junhwan wa Korea Kusini alimpita Harbin, kwa sababu ustadi wake wa kuteleza unamlinda hata anapokosea mruko mmoja.

Kwa wanawake nimeandika Sakamoto, Kim, Glenn. Ile hesabu ya 6.11 dhidi ya 1.29 ndiyo iliyomwokoa Glenn. Kama ningefuata hoja ya majonzi, ningemwacha. Liu nimemsikia, Mwalimu, lakini siwezi kumweka mtu kwa sababu anateleza akiwa na furaha.

Bado nina ule mgogoro wa nafasi ya tatu ya wanaume.

Mkufunzi wa Magurudumu, Nakuru

Mweke Shaidorov. Siao Him Fa alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2023 na 2024, lakini mwaka huu mjini Tallinn aliambulia shaba, nyuma ya Lukas Britschgi wa Uswisi na Nika Egadze wa Georgia, na msimu mzima kifundo cha mguu kimekuwa kikimsumbua. Shaidorov anapanda. Alishinda Mabara Manne, na mwezi Novemba huko Ufaransa alifanya muungano wa miruko ambao hakuna aliyewahi kuufanya: Axel ya mizunguko mitatu, kisha karukio kadogo ka kuunganishia, kisha Salchow, aina nyingine ya mruko, ya mizunguko minne. Kwa kawaida mruko wa minne huja mwanzoni mwa muungano, wakati mtu ana kasi. Yeye anauweka mwishoni, kasi ikiwa imeshaliwa na ile Axel. Nimeirudia video hiyo mara nyingi nikimtazama mguu wa kulia tu, na bado sielewi nguvu inatoka wapi. Hatari yake ni kwamba akitetereka kwenye Axel, Salchow yote inapotea.

Kuhusu saa: Boston iko nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo mashindano ya jioni kule yatatukuta saa saba au saa nane za usiku. Weka bando mapema, na uwaambie hao marafiki waandike ubashiri wao kwa kalamu ya wino.