Steshenari mnatuaibisha misibani: bibi yangu hakuwa katuni!

Wakuu, salaam. Moderata usihamishie uzi huu jukwaa la utani, nina hasira za kweli.

Juzi tumemzika bibi kule Rungwe, miaka 91. Kazi ya ratiba ya mazishi nikatwishwa mimi, mjukuu "msomi". Nikaingia steshenari moja Mwanjelwa, Mbeya, nikaacha picha, wasifu na nyimbo, nikalipia nakala 200, nikakimbilia mambo ya jeneza. Jioni nikapewa boksi limeshafungwa. Nimekuja kulifungua msibani.

Comic Sans! Kuanzia jalada mpaka wasifu. Herufi zile zile za bango la chekechea. Jina la bibi ndio wakalitia herufi za kadi ya harusi, zile za kujikunja, halafu ZOTE KUBWA. Herufi za namna hiyo, kubwa huwa inatangulia tu, ndogo zinafuata. Ukipanga kubwa tupu zinanasana kama mizizi ya mianzi. Wazee wanageuza karatasi huku na huku, jina halisomeki. Mjomba akanivuta pembeni: "Mwanangu, tunazika au ni mahafali ya chekechea?"

Hizo Comic Sans alizichora Vincent Connare mwaka 1994 akiwa Microsoft. Aliona programu ya majaribio yenye mbwa wa katuni, maneno ya mbwa yameandikwa kwa Times New Roman, herufi zilizotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London. Akaona haziendani kabisa, mbwa wa katuni anaongeaje kama gazeti? Ndipo akaanza kuchora za kumfaa. Yaani hata mwenyewe alijua kila msemaji na herufi zake. Sisi tumechukua za mbwa tukamvika bibi.

Nimerudi dukani. Kijana ananiambia, "Kaka, maneno si ni yale yale? Hamna kosa hata moja." Kweli hamna, na ndicho kinachoniuma, sina pa kumwonyesha kwa kidole. Nikamuuliza, wimbo wa msiba ukipigwa kwa mdundo wa singeli, maneno si yale yale? Akacheka. Hela hajarudisha.

Mafundi wa brashi wa zamani, wale wa kuchora mabango ya maduka, hawakufundishwa haya darasani. Duka la dawa waliliandikia herufi nene, nyoofu, unazisoma ukiwa ndani ya daladala. Saluni wakaipa mikia. Leo kijana ana mamia ya fonti kwenye kompyuta, anachagua "inayochangamka". Neno lake hilo. Ichangamke msibani!

(Mtakaosema ningehakiki kabla hawajachapa: sawa, hapo nilikosea, tuendelee.)

Arobaini inakaribia na karatasi zinahitajika tena. Nani anamjua mtu, popote kati ya Uyole na Mafiati, ambaye kabla hajashika kipanya anakuuliza kwanza hii kazi ni ya nini?